Nyuma ya Bafta

Mti wa Kambi ulikuwa umekwisha kuchongwa. Uliegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Mwambire, kipande kigumu cha mti wa muhuhu chenye urefu wa mkono mmoja, na kichwa chake cha duara hakikuwa na macho wala mdomo. Kilichobaki ni kuchimba shimo, kuusimamisha, kuumwagia tembo la mnazi, na kumwita marehemu kwa jina lake arudi kwao akae. Kadii, mama yake Kambi, alipita mbele ya mti huo kila asubuhi akienda kuteka maji, na kila asubuhi aligeuza uso akatazama upande wa mihogo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Wazungu. Wanaume tisa walitolewa Vitengeni kwenda kubeba mizigo ya jeshi huko bara, na katika hao tisa alikuwa amerudi mmoja tu. Huyo ni Jefwa, aliyekuja akitembea kwa fimbo kwa sababu vidole vya mguu wake wa kulia vilioza njiani. Jefwa ndiye aliyeleta habari. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akatazama chini, akasema kwamba Kambi alishikwa na homa mwanzo wa masika, akakata roho, nao wakamfunika kwa matawi. Kadii alimshukuru kwa kuja kusema mwenyewe, na mguu wake ule, akampa uji. Jefwa hakuumaliza.

Kahonzi, mkewe Kambi, alinyoa nywele siku ileile. Kadii hakunyoa.

"Nitanyoa nikiona," alisema.

"Utaona nini, mama?" Kahonzi alimwuliza. "Watu wanaliwa na fisi huko."

Kadii alijua tu kwamba moyo wake haujaanguka, na hilo si jambo la kumwambia mjane.

Halafu mvua ya vuli haikuja. Mihogo ikawa na mizizi myembamba kama vidole, na Kache, binti ya Kambi mwenye miaka mitano, akaanza homa isiyosikia dawa. Ilimpanda jua likipanda, ikamshuka jua likishuka, na kila iliposhuka ilimwacha mdogo zaidi. Mwambire, mdogo wa marehemu mume wa Kadii na mkubwa wa mji ule, akaenda kwa mganga. Alirudi amejiinamia. Mganga alisema Kambi analia njiani. Hana pa kukaa, kwa hiyo anamshika mtoto wake ili akumbukwe.

"Tuusimamishe ule mti," Mwambire alisema. "Mtoto apone."

"Na kama yu hai?"

"Shemeji."

"Nakuuliza. Ukimwita mtu aliye hai, ukamwita pamoja na wafu, ataitika nini? Utamwua mwanangu kwa mdomo wako, Mwambire."

Mwambire hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule askari wa serikali walipochoma nyumba za watu, ndiye aliyembeba Kadii mgongoni hadi porini, na juzi tu alikuwa amekamua mbuzi wake wa mwisho akampa mtoto maziwa yote. Sasa akasema, "Na nisipomwita, Kache atakufa mbele ya macho yangu. Basi niambie wewe. Nimwue yupi?"

Kadii aliomba siku. Alisema atakwenda Malindi kuuliza afisini, kwa maana serikali iliyomchukua lazima ijue ilipomweka. Mwambire akahesabu. Kwao juma lina siku nne, na ya nne ni jumwa, siku ambayo mtu halimi. Akampa jumwa mbili.

"Jumwa ya pili, jua likifika utosini, nauchimbia. Sitangoja, shemeji. Usiniambie ningoje."

Kabla ya kuondoka Kadii alimwinua Kache akamnywesha maji. Alifanya kama alivyofanya siku zote, kama mama yake alivyomfanyia yeye: kwanza akamwagia kidogo kisogoni, pale shingo inapoanzia, akangoja mwili ushtuke na kutulia, ndipo akampa ya kunywa. Mtu anayewaka, ukimpa maji ya kinywa kwanza, anayatapika.

"Hawe," mtoto alimwita bibi yake, "utaniletea nini?"

"Habari za baba."

"Habari hazilwi."

"Haya, na kitu cha kulamba."

Alitembea siku mbili. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichimba mihogo kando ya njia, ambaye hakumjua wala hakumwuliza anakwenda wapi, alimvunjia muhogo wa kuchoma, akatazama vipande viwili mkononi mwake, akampa kile kirefu. Kadii alikwenda akiufikiria ule muhogo kuliko alivyofikiria njia.

Afisini alimkuta karani kijana aliyevaa kofia ya kitambaa. Karani akamwambia njoo kesho. Akaja. Akamwambia njoo kesho. Siku zikaenda hivyo, Kadii akilala barazani kwa watu na kula alichopewa, hata ikafika siku ya sita tangu atoke kwake. Adhuhuri ile karani aliinuka kwenye kiti chake, akaja nje hadi pale alipoketi Kadii.

"Bibi, sitakudanganya tena," alisema. "Majina hayakuletwa. Wale watu wamehesabiwa tu, hawakuandikwa. Hata akiwa hai siwezi kujua. Hata akiwa amekufa siwezi kujua. Usikae juani."

Kadii alimwambia asante, mwanangu. Akashuka ngazi. Alihesabu siku mbili zilizobaki, akahesabu siku mbili za njia, akaona zimelingana. Alitaka kuanza safari wakati uleule, lakini alipofika mbele ya duka la Mhindi aitwaye Gokaldas alikaa barazani bila kukaribishwa, azipumzishe nyayo.

Mke wa mwenye duka alitoka. Aliitwa Chanchalben, mwanamke mnene mwenye bangili hadi karibu na kiwiko. Alimtazama, akarudi ndani, akaja na maji na kipande cha sukari guru.

"Kula kwanza. Halafu utaniambia umetoka wapi na miguu hiyo."

Kadii alimega nusu ya sukari guru akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Alikula nusu, akasimulia. Alisimulia kwa maneno machache, kwa maana alikuwa amekwisha kusimulia mara nyingi afisini na maneno yalikuwa yamechakaa. Chanchalben alisikiliza huku bangili zake zimenyamaza.

"Mama," akasema, "shemeji yangu Manilal ameleta mashine ya picha kutoka Mombasa. Picha zinazotembea. Anaonyesha sasa hivi ghalani. Jana niliona wapagazi humo, wengi, wanavuka mto."

"Niko mbioni, mwanangu. Kesho kutwa saa sita wanamzika mtu asiyekuwapo."

"Ni muda wa kupika wali tu. Umengoja karani siku nne, huwezi kuningoja mimi kidogo?"

Ghala lilikuwa limefungwa milango na nyufa zake kuzibwa kwa magunia, likawa giza mchana kweupe. Katikati pametundikwa nguo nyeupe ya bafta kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele ya bafta waliketi wanaume, pamoja na mashine na taa yake ya karabai inayonuka. Nyuma ya bafta, kati ya magunia ya simsim na madebe ya samli, waliketi wanawake, Wahindi na Waswahili, kila mmoja na mto wake. Ndivyo ilivyokuwa desturi: wanaume hawakutakiwa kuwaona wanawake, na wanawake hawakukosa kitu, maana picha hupenya nguo. Chanchalben alichukua kata akairashia bafta maji toka juu hadi chini.

"Ikilowa inaonyesha zaidi," alimweleza Kadii. "Keti hapa kwangu."

Kwanza alitokea mtu mwenye tumbo akifukuza kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Kadii hakucheka, ila aliona kwamba mtu mwingine katika picha aliiokota ile kofia, akaipangusa mavumbi kwa mkono wa shati kabla ya kuirudisha, akampenda mtu yule.

Kisha sauti ya Manilal ikasema toka upande wa pili, "Wapagazi! Vita vya bara!"

Walikuja wengi mno. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, masanduku vichwani, wakitoka majini na kupanda ukingo wa matope, wamekonda, na hapakuwa na sauti yoyote ila mashine ikikereza. Kadii alitafuta uso. Nyuso hazikutazamika, zilikuja na kupita kama mtu anayehesabu haraka. Mara mpagazi mmoja akapiga magoti. Sanduku lake likaanguka. Aliyemfuata akamzunguka akapita. Wa pili akapita. Wa tatu akapita.

Wa nne akasimama. Aliutua mzigo wake, akachuchumaa, mgongo ukiwaelekea watazamaji, akafungua kibuyu kiunoni. Hakumpa mwenzake kinywani. Alimwinamisha kichwa taratibu, akammwagia kisogoni, pale shingo inapoanzia, akangoja. Ndipo akampa ya kunywa.

Kadii alikuwa amesimama bila kujua.

"Mwanangu," alisema.

Wakati uleule akauona mkono. Mkono ulioshika kibuyu ulikuwa wa kulia. Akakitazama na kibuyu chenyewe: shingo yake ilipinda, tena ilizungushiwa waya. Kibuyu alichoondoka nacho Kambi alikichagua Kadii mwenyewe, na shingo yake ilinyooka kama kidole. Yule mtu akainuka, akamvuta mwenzake kwa kwapa, akaweka sanduku juu ya sanduku, akabeba yote mawili. Picha ikazimika.

Kadii akakaa chini juu ya udongo, kando ya mto aliopewa.

"Si yeye," alisema. Aliona sasa jinsi alivyokuwa mjinga. Kwani ni mama mmoja tu duniani aliyejua kumpoza mtoto? Yule naye alikuwa na mama yake, mahali fulani, naye anafaa kuombewa. Lakini Kambi hayuko afisini wala kwenye picha, na kesho kutwa yeye Kadii atakuwa amesimama kando ya shimo, amenyoa, akimwita mwanawe kwa wafu ili mjukuu aishi. Moyo ambao haukuanguka miezi yote ile, ulianguka hapo, kati ya madebe ya samli.

"Umejuaje si yeye?" Chanchalben alimnong'oneza.

"Mkono. Mwanangu ni wa shoto. Mashangazi zake walimfunga mkono wa kushoto kwa kamba ili azoee wa kulia, nami nilikuwa nikimfungua wakilala. Hakubadilika. Hata kula alikula kwa aibu hiyo."

Chanchalben alimtazama. Halafu akacheka, cheko moja kama kikohozi, akajiziba mdomo.

"Mama, sisi tuko nyuma!"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya nguo. Wanaume wanaona kulia, sisi tunaona kushoto. Picha imegeuka. Mimi mara ya kwanza niliona Wazungu wote wanaandika barua kwa shoto, nikamwuliza Manilal kama ndivyo walivyoumbwa. Alinicheka wiki nzima. Inuka. Inuka, twende upande ule."

"Upande wa wanaume?"

"Wewe umetembea siku mbili. Mimi nitatembea hatua kumi."

Akajifunika uso kwa ncha ya sari, akamshika Kadii mkono, wakaizunguka bafta. Wanaume wakageuka wote pamoja. Kizee cha Kigiriama chenye marinda ya hando kiunoni, miguu ina vumbi jekundu, na mke wa tajiri amemshika mkono!

"Bibi, mlango wa kutokea ni ule," mmoja alisema, wenzake wakacheka.

"Chanchal," Gokaldas alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mume aliyeaibishwa mbele ya wageni.

Bangili zikalia kidogo chini ya sari. Lakini hakurudi. "Huyu mama anamtafuta mwanawe," alisema. "Kesho kutwa wanamwita maiti. Manilal, irudishe ile ya wapagazi."

"Bhabhi, karabai inakufa," Manilal alimjibu shemejiye. "Na utepe wenyewe umechakaa, ukivutwa sana unakatika."

"Irudishe."

Hapakuwa na aliyecheka tena. Yule aliyesema habari za mlango aliinuka kwenye sanduku lake akalisukuma kwa mguu hadi karibu na Kadii, akabaki amesimama. Manilal akapanga utepe, akazungusha mpini wa mashine.

Wakatoka tena majini. Wakapita tena, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akasimama, akatua mzigo, akachuchumaa, akafungua kibuyu. Kwa mkono wa kushoto.

Kadii hakulia. Aliomba kwa adabu aone tena, na Manilal akairudisha mara ya tatu. Na mara hii maji yalipokuwa yakishuka, utepe ukakatika, na juu ya bafta pakabaki mwanga mtupu.

"Samahani, baba," Kadii alisema. "Nimekuharibia."

"Umechanika wenyewe." Manilal alikuwa ameinama juu ya mashine. "Unamwona ni yeye?"

"Ni yeye. Picha hii ilipigwa lini?"

Manilal alizikusanya ncha za utepe. "Sijui, mama. Nilizikuta Mombasa, ziko ndani ya bati moja na ile ya kofia. Huenda ni mwaka jana. Huenda ni juzi. Sijui."

Ili kuunga utepe ilibidi akate ncha zilizochanika. Alikata, akatenga vipicha vitatu vilivyoshikana, akavifunga kwenye karatasi. Akapunguza pembe moja kwa mkasi. "Shika kwenye jua, pembe hii iwe juu, mkono wako wa kulia. Ukigeuza utaona kama mlivyoona kule nyuma. Na usiikaribishe na moto. Inawaka kama baruti."

Kadii aliondoka alasiri ile. Chanchalben alimfungia sukari guru nyingine ndani ya jani, akamsindikiza hadi nyumba ya mwisho, jambo ambalo watu wa duka hawakuwahi kumwona akifanya.

Njiani furaha haikumfuata. Kila alipopumzika neno la Manilal lilimrudia. Sijui. Jefwa alisema mwanzo wa masika. Je, kama ule mto ulivukwa kabla ya masika? Basi alichokiona ni mtu aliyekuwa hai wakati kila mtu alijua yu hai. Kambi alimpoza mwenziwe leo, kesho yake yeye akaanguka, na watu wakamzunguka wakapita, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alijaribu kuomba awepo wa nne. Hakujua aombe kwa wakati gani, uliopita au ujao, akaomba tu huku akitembea. Siku ya pili nyayo zilipasuka, akazifunga kwa majani ya mgomba.

Alifika jumwa ile jua likiwa utosini kabisa. Shimo lilikuwa limechimbwa, na udongo wake mwekundu umelundikwa kando. Wazee waliketi, kibuyu cha tembo kiko kati yao. Mwambire alikuwa ameupakata ule mti. Kahonzi alikaa mlangoni na Kache mapajani, na macho ya mtoto yalikuwa nusu wazi, yanaonyesha weupe.

"Nimemwona," Kadii alisema.

Akasimulia. Wazee walisikiliza kwa heshima, lakini aliposema nguo iliyolowa maji, mzee Kaingu alikohoa. Ndipo alipotoa vipicha. Vikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akivielekeza juani na kufumba jicho.

"Shemeji yetu," Kaingu alisema, "mimi naona chawa. Chawa wawili. Sasa mmoja ndiye Kambi?"

"Tazama mkono."

Mwambire alitazama kwa muda mrefu. "Wa kulia," akasema.

"Umegeuza. Pembe iwe huku."

Akageuza. "Sasa wa kushoto. Nikirudisha, wa kulia. Shemeji, mtu huyu anafuata mkono wa anayemshika." Hakusema kwa dhihaka, sauti yake ilikuwa imechoka. "Haya, tuseme ni yeye. Ni lini? Kabla ya masika au baada?"

Kadii angeweza kusema baada. Hapakuwa na mtu wa kumkanusha. Alimtazama Kache.

"Sijui," alisema.

"Basi." Mwambire akainuka na mti. "Umefanya kazi ya mama. Sasa niache nifanye yangu."

"Ngoja niseme na lililobaki, nisije nikaficha kitu halafu kikatudhuru. Hata kibuyu hakikuwa chake. Kambi alitoka hapa na kibuyu cha shingo iliyonyooka, kila mtu anakijua. Yule alikuwa na cha shingo iliyopinda, kimezungushiwa waya mara tatu."

Fimbo ilianguka. Jefwa, aliyekuwa ameketi nyuma ya wote karibu na ghala la mahindi, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Kimepinda upande gani?"

"Mimi nilikiona pande zote mbili, mwanangu. Kimepinda kama shingo ya bata. Na kizibo chake ni gunzi."

Jefwa alikaa chini tena, lakini si juu ya kitu. Alikaa mavumbini.

"Ni changu," alisema. "Waya ule niliuokota kwenye reli. Nilimwachia."

"Ulimwachia maiti kibuyu?" Mwambire aliuliza.

"Hakuwa maiti." Jefwa alizungumza na udongo. "Alikuwa anapumua. Kibuyu chake kilikuwa kimepasuka. Msimamizi alisema anayebaki na mgonjwa atachapwa, tukamlaza chini ya kichaka, nikamwachia changu kimejaa, nikaenda. Alikuwa ananitazama. Mngeniuliza, mbona ulimwacha? Ningesema nini? Nikasema amekufa. Nilijiambia amekwisha kufa tu. Sikumwona akifa, mama. Sikumwona."

Wazee walikuwa wakilipanga jambo lile vichwani mwao, na Kadii aliwaona mmoja mmoja wakifika. Kama kibuyu kilikuwa kiunoni mwa yule aliyechuchumaa, tena ni wa shoto, basi aliyelazwa chini ya kichaka aliinuka. Aliinuka, akawafuata watu, akabeba sanduku, na siku moja akabeba mawili.

Kahonzi alianza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku aliponyoa.

Kadii alimwendea Jefwa. Kila mtu alidhani atampiga, na Jefwa mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa tayari. Aliokota fimbo akamwekea mkononi.

"Kilikuwa kimejaa?"

"Kimejaa, mama."

"Na wewe ulitembea bila maji."

"Siku mbili."

"Basi ndicho anachowamwagia wenzake," Kadii alisema.

Mwambire alikuwa bado amesimama na mti mikononi, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. "Hatumwiti," alisema hatimaye. Akamgeukia Kadii, na macho yake yalikuwa yanaomba. "Lakini Kache, shemeji? Kama si baba yake anayemshika, ni nani? Tutafanya nini?"

Kadii akamwendea Kache, akamshika paji la uso. Kambi alikuwa hai baada ya masika. Kama yu hai leo hakuna ajuaye. Vuli ilikuwa imepita bila mvua. Mti ukapandishwa darini juu ya meko, moshi uukinge na wadudu, kwa maana hakuna aliyethubutu kuutupa. Shimo likafunikwa kwa ungo mkuukuu, mbuzi wasivunjike miguu.

Jefwa ndiye aliyekwenda kuteka maji, kwa mguu wake ule, wala hakuna aliyemtuma. Alirudi nusu yamemwagika njiani. Kadii alimpokea mtungi, akamwegemeza Kache kifuani, mwili wake unawaka kama jiwe la mekoni. Akachota kwa kata. Akammwagia kidogo kisogoni, akangoja. Mwili ulishtuka, ukatulia. Akampa kidogo kinywani, na safari hii mtoto hakutapika. Akamgusisha sukari guru kwenye ulimi.

Baada ya muda Kache alifumbua macho.

"Hawe. Baba alifanya hivi?"

"Hivi hivi."

Mtoto alilamba, akafikiri.

"Kwa mkono huo?"

Kadii alihamisha kata kwenye mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito na haukuzoea, maji yakamwagika mengine kwenye hando lake, lakini yaliyobaki yalifika mahali pake.

"Kwa huu," alisema.